Nesi na Sufuria za Watu

Nesi alikuwa anaogopa ng'ombe. Naanza na hilo kwa sababu ndilo alilolificha kwa bidii kuliko mengine yote, na ndilo tulilolijua wote. Kijiji chetu kiko upande wa kuelekea Mtera, nchi tambarare na kavu, na ng'ombe huko ni wengi kuliko watu. Mwenye ng'ombe wengi hataki jirani karibu. Kwa hiyo unaona tembe moja, halafu huoni kitu, halafu huoni kitu tena, ndipo unaona tembe ya pili, na mwenye hiyo ya pili analalamika kwamba siku hizi pamebanana. Mwanamke anayeogopa ng'ombe hana sababu ya kuishi kwenye nchi ya namna hiyo. Yeye alikaa karibu miaka ishirini. Akiona kundi linakuja aliiacha njia na kuzunguka mbali, na ukimwuliza alisema alikuwa anatafuta mlenda.

Zahanati ilikuwa na vyumba vitatu, na watumishi wake walikuwa yeye. Kwenye karatasi walikuwapo wengine. Mmoja aliwahi kufika kabisa, akashusha begi, akaangalia kushoto na kulia, akauliza watu wenyewe wako wapi. Siku ya pili naye hatukumwona. Huyu aliyebaki tulimwita Nesi tu. Jina analo, liliandikwa kwenye cheti kilichotundikwa ukutani, lakini sikuwahi kumsikia mtu akilitumia, na sitaanza mimi leo.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi iliyo ng'ambo ya kiwanja, hatua chache kutoka zahanati. Nilifika nikiwa kapera mwenye godoro, redio na sufuria moja. Sufuria hiyo nitairudia.

Kwao Nesi ni Kondoa, kule vilimani, ambako mashamba yamepandana na nyumba zinasikilizana. Hakuacha kutukumbusha. "Kwetu ukikohoa, jirani anakupa pole," alikuwa akisema. "Huku ukikohoa, unajipa mwenyewe." Wenyeji walimjibu kwamba ndiyo sababu Warangi, watu wa kwao, hawana siri. Alifunga Ramadhani peke yake katika kijiji kizima cha watu wa kanisani. Jioni kina mama wa kwaya walimletea uji wa uwele wa kufuturu, kila siku nyumba nyingine, kwa sababu mtu fulani aliwaambia kwamba dini yake hairuhusu kufuturu kwenye nyumba moja mara mbili. Nina hakika mtu huyo alikuwa yeye.

Mdomo wake ulidanganya kila siku, na kwa faida ya watu. Aliwaambia wanaume kwamba mke akijifungulia nyumbani, ng'ombe wanapunguza maziwa. Mtu aliyekuwa hawezi kumkaribia ndama aliyefungwa alisimama mbele ya wafugaji wenye mifugo ya kurithi na kuwaeleza habari za maziwa, na waliitikia kwa vichwa. Lakini kalamu yake haikudanganya hata siku moja. Daftari la wagonjwa lilikuwa kama msahafu wake wa pili. "Simwandiki mgonjwa ambaye sijamshika paji la uso," alisema, na hilo baadaye lilikaribia kutuponza.

Daftari lenyewe lilikuwa na safu zake za kawaida: jina, umri, ugonjwa, dawa. Pembeni yeye aliongeza safu yake kwa penseli, yenye tarakimu tupu. Moja. Mbili. Nne. Mwanzoni nilidhani anawapa wagonjwa alama, kama ninavyofanya mimi, na nikaona ni ukatili kumpa mgonjwa moja.

"Ni mara ambazo mama atakaa chini njiani kumnyonyesha mtoto mpaka afike hapa," alinieleza.

"Si uandike kilometa?"

"Kilometa ni za magari, Mwalimu. Umeona gari hapa?"

Baada ya muda kijiji kizima tulikuwa tunapimana hivyo. Kwa mwenyekiti wa kijiji ni mara moja. Kule ng'ambo ya korongo ni mara mbili, masika ni mara tatu. Kaya ya mwisho kabisa ilikuwa ya bwana mmoja mpole ambaye alihama kila alipoona moshi wa mtu mwingine. Huko ilikuwa mara tano, na yeye mwenyewe tukamwita Mara Tano, akaitika.

Kuna jambo ambalo watu wa mjini hawalijui, na sina sababu ya kuwalaumu. Kichupa cha chanjo ya surua ni cha watoto kumi. Ukishaichanganya dawa ile, haimalizi siku, inakuwa ya kumwaga. Mjini watoto kumi unawapata kabla hujatafuta ufunguo. Kwetu, kupata watoto kumi wa umri ule mahali pamoja asubuhi moja ni shughuli ya kupigia ngoma. Na waliokuwa juu yake walikuwa wamemwandikia barua wakimwomba asiwe anamwaga chanjo. Siku ya kliniki, basi, alisimama mlangoni ameweka kiganja juu ya macho, anahesabu wanaokuja kwa mbali.

"Sita. Saba. Nane," alisema. Kisha akakaza macho. "Yule ni mbuzi. Saba."

Siku moja alikuja mama mmoja peke yake, wa mara nne, na mtoto mmoja. Nesi alimsubirisha mpaka saa nane mchana. Yule mama alikaa kwenye benchi akimpepea mwanawe kwa kipande cha boksi. Mimi nilikuwa nimekwenda kuomba dawa ya kichwa, nikaona Nesi anakwenda mlangoni, anarudi, anakwenda tena. Mwisho alikifungua kichupa. Alimchanja yule mtoto mmoja, akaandika kwenye daftari kwamba dozi tisa zimemwagwa, akaweka sahihi.

"Watakuuliza," nilimwambia.

"Nitawaambia hao tisa hawajazaliwa, na nimechoka kuwasubiri."

Alikuwa na mambo yasiyokaa pamoja. Aliwachoma sindano watu wazima mpaka wakawaita mama zao, na yeye mwenyewe alipokanyaga msumari ilibidi mwenyekiti na mimi tumshike mikono. Wenye presha aliwapiga marufuku chumvi kwa ukali wa polisi. Halafu ungemkuta mchana anakula ugali wake, na pembeni kuna kikopo kidogo cha chumvi ambacho alikibeba kwenye mfuko wa gauni popote alipokwenda. Nilipomtazama alisema ile ni ya dharura.

Sasa sufuria.

Wanawake wa mbali wanaokaribia kujifungua hutakiwa kuja mapema na kusubiri karibu na zahanati, kwenye nyumba ya kusubiria ambayo huku kwetu inaitwa chigonela. Sisi hatukuwa na nyumba ya namna hiyo. Nesi alitoa sebule yake, akatandika magodoro mawili, akasema hii ndiyo chigonela. Shida ikawa kuwaleta. Hakuna mwanamke aliyekataa. Kila mmoja alisema atakuja, ila kwanza apike, wachunga wamerudi, kwanza apete uwele, kwanza hiki na kile. Mume naye hakukataa. Alisema, "Atakuja tu, Nesi, si anapika."

Kwa hiyo Nesi alikwenda mwenyewe. Alifika kwenye kaya, akasalimu "mbukwenyi" kwa Kigogo chenye lafudhi ya Kondoa, akakaribishwa, akasifu ng'ombe kutoka mbali. Alizungumza habari za mvua. Halafu aliinuka, akaingia jikoni, akachukua sufuria kubwa ya ugali, akajitwika, akaondoka. Hakuaga wala hakugeuka. Nyumba yenye wachunga wanne haiwezi kukaa bila sufuria ile. Na mwanamke wa kwetu, hata awe mzito kiasi gani, hawezi kuona sufuria yake inaondoka na mtu akabaki amekaa. Aliifuata. Ilipofika zahanati, naye alikuwa amefika. Kule nyumbani mume alibaki hana mke wala cha kupikia, na hapo ndipo alipokumbuka kwamba ana dada au mama wa kumsaidia. Sufuria ilirudishwa siku mtoto aliporudishwa, imeoshwa.

Ilifika mahali tukimwona Nesi anakatiza kiwanjani amejitwika sufuria ya watu, tulijua kuna mtu amebakiza wiki mbili. Darasani kwangu wanafunzi walichungulia dirishani na kutaja ni sufuria ya nani.

Hakuwahi kunisimulia alianzaje. Aliyenisimulia ni mwenyekiti. Mwaka wa kwanza wa Nesi pale kijijini, mke wa kwanza wa Mara Tano alikuwa ameambiwa aje asubiri. Akasema atakuja akishapika. Uchungu ulimkutia jikoni. Wanaume walimbeba kwenye kitanda cha kamba, wakatembea tangu asubuhi, na walipomtua mlangoni pa zahanati alikuwa amekwishakufa, na mtoto tumboni. Nesi aliuliza alikuwa anafanya nini uchungu ulipoanza. Wakamwambia alikuwa anapika. Mwenyekiti anasema hakulia mbele yao, alikwenda kukaa nyuma ya choo. Mwezi uliofuata alichukua sufuria yake ya kwanza. Mara Tano alioa tena, na mke huyo wa pili Nesi alimchukulia sufuria mara tatu, akiwazungukia ng'ombe wa njia nzima, na ile kaya sasa ina watoto watatu.

Nilisema nitairudia ile yangu. Muhula wangu wa kwanza nilishikwa na homa. Zahanati niliiona kutoka kitandani. Nilijiambia iko hapo tu, nitakwenda kesho, na kesho yake nikajiambia hivyo hivyo. Siku ya tatu mlango ulifunguliwa, Nesi akaingia, hakunisalimu, akachukua sufuria yangu ya pekee ikiwa na masalia ya uji, akatoka. Nikaifuata. Nilikatiza kiwanja kwa shuka, nikianguka na kuinuka, wanafunzi wangu wote wakitazama. "Wa karibu ndio wabaya," aliniambia akinichoma sindano. "Wa mbali anajua yuko mbali." Ilikuwa malaria, nayo ilikuwa imeanza kupanda kichwani. Naandika haya kwa sababu ya sufuria ile.

Halafu ikaja barua. Ilisema zahanati yetu inaona wagonjwa wachache mno, kwa hiyo mtumishi aliyepo anafikiriwa kuhamishiwa penye watu wengi, nasi tutahudumiwa na zahanati ya kijiji cha barabarani. Mwenyekiti alimwuliza Nesi huko barabarani ni mara ngapi. Nesi alifikiri. "Huko mtoto ataacha ziwa njiani," alisema.

Barua ilisema pia kwamba Alhamisi wangekuja watu watatu kukagua. Mwenyekiti alimsihi Nesi aongeze majina kwenye daftari, hata hamsini tu. Nesi akamjibu lile jibu lake la paji la uso. Mwenyekiti aliitisha mkutano na kusema, kama ni hivyo, basi tumletee mapaji. Kila kaya ilipangiwa wagonjwa wawili. Watu wetu wakipangiwa kazi ya kijiji huifanya, iwe kuchimba msingi au kuumwa. Akainuka mzee mmoja makini akauliza, tunaumwa nini? Maana kila mtu akija na lake tutachanganyana mbele ya wageni. Likaonekana ni neno la maana. Wakapatana: tumbo.

Mimi nilikuwa pale mkutanoni. Nina cheti cha ualimu. Sikuona kasoro yoyote.

Alhamisi asubuhi gari la wageni lilikuta kiwanja kimejaa. Walikuwapo watu wa mara tatu na mara nne, walioanza safari jana yake. Mara Tano alikuja na familia nzima na ndugu aliowaazima. Wote walikuwa wameshika matumbo. Wageni walishuka, wakatazama, mmoja akamwuliza mama wa karibu anaumwa nini. Tumbo. Na huyu? Tumbo. Na wale kule? Wale kule wakaitikia kwa pamoja. Wageni walirudi ndani ya gari na kupandisha vioo.

Kesho yake tulikuwa na mahema mawili, mapipa ya maji ya klorini na watu waliovaa mabuti ya mpira. Nesi aliwaambia kwa sauti kubwa kwamba hawa wote ni wazima. Wakaandika kwamba mtumishi anajaribu kuficha mlipuko wa kipindupindu. Sampuli za choo zilichukuliwa kwa watu wote, na zilitolewa kwa moyo mmoja, maana watu walidhani ndiyo ukaguzi wenyewe. Kisha ikasemwa kwamba lazima kila mgonjwa afuatiliwe mpaka kwake, vyoo vihesabiwe na visima viangaliwe. Gari lilikwama mchangani kabla ya kaya ya pili. Wakaendelea kwa miguu.

Siku ya tatu mkubwa wao alirudi kutoka kwa Mara Tano. Alikaa kwenye ngazi ya zahanati, akavua mabuti, akaangalia miguu yake kwa muda. Akaomba daftari. Alilipekua polepole, kisha akaweka kidole kwenye safu ya penseli.

"Hii ni nini, mama?"

Nesi alimweleza.

"Huko nilikotoka umeandika tano."

"Ndiyo."

"Mimi nimekaa chini mara tisa," alisema yule bwana. "Na sina mtoto."

Sampuli zilirudi safi, na mwezi uliofuata ikaja barua ya kwamba mtumishi abaki, kutokana na hali ya kijiografia. Mwenyekiti alipewa onyo kwa maandishi, akaliwekea fremu. Mtumishi wa pili hakutajwa. Nesi aliisoma barua ile mara mbili, akaniambia mzigo umebaki ule ule, lakini siku ile alimaliza kikopo kizima cha chumvi kwa furaha.

Alistaafu kama watu wanavyostaafu, kwa karatasi. Alipoondoka, kina mama walimpa kuku na mlenda mkavu, na Mara Tano alimletea ndama. Alishukuru sana kutoka mbali, akaomba ndama abaki kwa mwenyekiti. Nilimpenda yule mama, na sikumwambia. Nilibeba mabegi yake mpaka barabarani.

Aliyekuja baada yake ni dada mpole na mwenye bidii. Hatuna la kumlalamikia, ila waliokuwa wakisubiri sebuleni kwa Nesi sasa hawaji. Husema watakuja wakishapika. Niliposafiri kwenda Dodoma kwa shughuli za mitihani, dada huyo alinipa ujumbe wa kumpelekea Nesi. "Mwalimu, huyu mama alikuwa anafanyaje? Nimeambiwa habari za sufuria nikadhani wananitania. Na mke wa Mara Tano ni mjamzito tena."

Nesi nilimkuta Ipagala, hapo hapo Dodoma, kwa binti wa dada yake, kwenye chumba cha uani. Nyumba za pale zimeshikana kiasi kwamba nilisikia redio ya upande huu na vitunguu vikikaangwa upande ule. Nilimpa shikamoo, nikakaa, vumbi la njiani likanikaba nikakohoa. Tulisikiliza. Hakuna mtu aliyesema kitu.

"Umeona?" alisema Nesi. "Wamejaa kuliko Kondoa, na pole huipati."

Nikampa pole mimi kwanza, kisha ujumbe. Alichangamka. Alisema mwambie huyo dada asione haya, ila awe mwangalifu asichukue sufuria ndogo ya mlenda. "Mlenda utapikwa hata kwenye kopo. Ile mwanamke haifuati. Achukue ya ugali. Na asigeuke nyuma, akigeuka wataanza kubishana." Alirudia mara mbili. Akauliza mke wa Mara Tano ana miezi mingapi. Nilipomwambia, alihesabu kwa vidole, akataka kuinuka, akakaa tena.

Ndipo nilipomtazama vizuri. Miguu ilikuwa imevimba mpaka kandambili hazimwingii sawasawa. Alikuwa anahema kwa kusema tu. Nilimwuliza habari za dawa zake za presha. Zimekwisha, tangu lini hakumbuki vizuri. Nikamwuliza kituo cha afya kiko wapi. Akanionyesha dirishani. Paa lake lilionekana pale pale, bati la bluu, nyumba ya sita.

"Sasa?"

"Foleni, Mwalimu. Nilikwenda nikaihesabu kutoka getini. Foleni ile ni mara sita." Akajipangusa uso kwa kanga. "Iko hapo tu. Nitakwenda kesho."

"Twende sasa hivi."

"Nimebandika maji. Nitakwenda nikishapika."

Sijui kama alijisikia. Mimi nilimsikia. Niliinuka, nikaenda barazani kwenye jiko la mkaa, nikamwaga maji, nikasubiri sufuria ipoe kidogo, nikajitwika. Nikatoka getini.

"Mwalimu!" nilisikia nyuma yangu. "Mwalimu, rudisha sufuria ya watu!"

Sikugeuka. Nilitembea polepole, mtu mzima mwenye shati la kuchomekea na masizi yanayonitiririka shingoni. Watu wa Ipagala walinipisha. Kwa nyuma nilisikia kandambili, zinaburuza, zinasimama, zinaburuza tena. Zilisimama mara nyingi. Kila ziliposimama, nami nilisimama, bila kugeuka.

Getini pa kituo foleni ilikuwa kama alivyosema. Niliketi mwisho wa benchi, nikaipakata sufuria, nikaacha nafasi. Alifika, akaketi, akahema kwa muda mrefu mpaka niliogopa. Mhudumu mmoja aliyekuwa anapita alimwona, akainama akamtazama miguu, akakimbilia kiti cha magurudumu.

Nesi hakumwangalia. Alikuwa anaangalia mapajani mwangu.

"Hii ni ya mlenda, Mwalimu," alisema. "Hii mtu haifuati."